Maji Hapa Hayatemwi

Kambini, ng'ambo ya jangwa la Chalbi
9 Februari 2025

Kwa Shangazi Peris,

Hujambo Shangazi? Goti linaendeleaje? Na yule jirani wako wa viatu hapo sokoni, bado anasogeza meza yake kidogo kidogo akidhani huoni? Mimi ni mzima, nimekonda usoni tu. Wasalimie wote kanisani, na ukimpigia baba huko Wusi mwambie nimefika salama, aache kusikiliza habari za redio na kujitia homa.

Naandika kwa kalamu kama watu wa zamani kwa sababu hapa mtandao haupo kabisa. Simu yangu imekuwa tochi. Barua anazibeba Reuben, dereva wa lori la mbuzi. Huwa anapita hapa akipata mzigo, na akifika Marsabit anaiweka barua kwenye basi, kondakta anampa mwenzake, hivyo hivyo mpaka Voi. Ukitaka kunijibu, mpe kondakta wa basi, aandike jina la Reuben.

Kazi yenyewe ni ile ile niliyokueleza. Kampuni inachimba visima, mimi nashika stoo: mabomba, mafuta, vipuri. Nimetia sahihi kupokea kila kitu, hata mashine yenyewe ya kuchimba, ambayo ni kubwa kama kanisa letu. Sasa joto. Uliniambia anayelijua joto la Voi hawezi kutishwa na joto lingine. Shangazi, Voi ni friji.

Nilikuja nimejipanga kama mtu wa kwenda semina. Viatu vyangu vyeupe, gundi imeyeyuka, soli imeniaga. Ule mkoba wa begani unanikata bega nikishika kazi, na nikiuacha kwenye hema naukuta umejaa mchanga. Wenzangu wote wanabeba vitu vyao mwilini kutoka asubuhi, maana hapa kitu kisichokuwa mwilini ni kama huna. Basi naomba, kama ukifungua belo ya mitumba ukaona kofia ya ukweli, chupa ya maji, mkoba mdogo wa kiunoni na kitambaa cha kufunika uso, unitumie.

Hukuja stendi kuniaga. Uliyoyasema kibandani mbele ya wateja, kwamba niende na jangwa linishike huko huko, sikuyabeba. Niliyaacha hapo hapo Voi. Begi lilikuwa limejaa.

Wako,
Abby


Voi
3 Machi 2025

Wewe Abby,

Barua yako imefika ikinuka beberu. Nimeianika kwenye kamba na nguo ndipo nikaisoma. Goti lipo, linanitabiria mvua isiyokuja. Jirani wa viatu amesogea tena, nami nimemsogezea ndoo ya maji machafu, tuone nani atachoka. Ndovu wamepita Mbololo wakamaliza mahindi ya watu wiki nzima, hata shamba la mwenyekiti wa kanisa hawakuliheshimu. Baba yako nimempigia. Alisema "ahaa" mara tatu, unamjua, kwake hiyo ni hotuba.

Sasa nisikilize. Mimi nauza mitumba tangu hujaota meno ya mbele, kwa hivyo usiniandikie "kofia ya ukweli" kana kwamba nitakutumia ya uongo. Nimefungua belo nzima kwa ajili yako, na kabla mteja yeyote hajatia mkono nimekutolea kamera, zile za kwanza kabisa. Fagia, yale mabaki, wateja wamebaki kugombania wenyewe.

Kofia ni hii ya ukingo mpana, nayo ina kamba ya kidevuni. Usiikate kamba ati inakufanya uonekane mshamba. Chupa ni ya chuma, imara, hata lori likiikanyaga litaomba radhi. Mkoba wa kiunoni nimechagua mweusi kwa sababu hauonyeshi uchafu. Ndani nimetia kisu cha kukunja, sindano na uzi, kibano cha kutolea miiba, mafuta ya midomo, na leso mbili za pamba tupu. Za nailoni nimezikataa, hizo zitakupika. Viatu sikupata. Nitaendelea kutafuta.

Na hii ndiyo sheria yangu, uishike: kinachoweza kukuokoa kikae mwilini, kinachokupendeza kikae kwenye hema. Ukiamka, jipapase kabla hujatoka. Maji, kivuli, makali ya kukatia. Ukikosa kimoja rudi ndani.

Kuhusu mambo ya kibandani, mimi sina hasira. Mtu mwenye hasira hafungi kifurushi kwa kamba tatu. Nilikulea tangu mama yako alipofariki, nikakusomesha hapa hapa Voi, nikataka kibanda hiki kiwe chako. Ukasema hukusoma ili uje kukunja suruali za wafu wa Ulaya. Wateja walicheka. Na mimi nikasema nililosema. Basi. Yamekwisha.

Jambo moja. Barua yako inasema "wenzangu, wenzangu", lakini hakuna jina hata moja. Mko wangapi huko?

Shangazi yako,
Peris


Kambini
28 Machi 2025

Kwa Shangazi,

Salamu kutoka jikoni kwa shetani. Natumai wewe na ndoo yako mnaendelea kushinda. Pole kwa watu wa Mbololo. Nimemsomea Mwelu, mpishi wetu, hiyo habari ya ndovu, naye akaguna, kwao ni Mbololo na anasema mwenyekiti mwenyewe hupanda mahindi kwenye njia ya ndovu kisha anashangaa. Anakujua. Anasema aliwahi kununua kwako sweta ya kijani na ulimpiga bei vibaya.

Kifurushi kilifika na mbuzi mmoja alikuwa ameshaanza kula kamba. Asante. Kofia, mia kwa mia. Kamba ya kidevuni sikuikata. Ya Mwelu haikuwa na kamba, upepo uliichukua tukaisindikiza kwa macho ikielekea Ethiopia bila pasipoti. Leso moja nafunika pua na mdomo, nyingine naitandika kichwani chini ya kofia ili inywe jasho. Kisu na kibano nimetumia kila siku.

Lakini chupa, Shangazi! Niliiacha juani kidogo tu, nikaipeleka mdomoni, nikabaki na alama kama mtu aliyebusu jiko. Na mkoba mweusi unapika. Mafuta ya midomo yaliyeyuka yakameza uzi, yakameza kitambulisho, sasa picha yangu inang'aa kama nimepakwa mafuta na nabii. Wewe ulifikiria uchafu kwa sababu Voi kuna matope na macho ya watu. Hapa hakuna wa kuona uchafu. Adui ni rangi.

Uliuliza tuko wangapi. Tuko wawili, mimi na Mwelu.

Wachimbaji waliondoka mwezi uliopita. Kisima kilitoa vumbi, wakachimba tena, vumbi. Bosi akasema wanaenda Nairobi kuleta vifaa vingine na mimi nibaki kulinda mashine, maana sahihi ni yangu. Mwelu akabakishwa anipikie. Tuliambiwa wiki mbili. Vyeti vyangu vya chuo, vile halisi, wanavyo wao ofisini. Walivichukua nikiajiriwa. Bosi alisema nikiiacha mashine ikaguswa hata nati moja, nitashtakiwa wizi, na vyeti sitaviona tena. Usihangaike. Watakuja.

16 Aprili. Barua hii bado ninayo. Mvua ilishuka kwa kishindo na Chalbi yote imekuwa uji. Reuben hawezi kupita, wala mtu mwingine. Tulikinga maji kwa kila sufuria, tukaoga, tukacheka kama wendawazimu. Kisha tukakaa. Nilidhani jua ndilo linalofunga watu, kumbe ni matope.

8 Mei. Reuben amepita. Tangi la maji la kampuni halijaja tangu Machi. Nakuandikia haraka, injini inanguruma. Usimwambie baba.

Abby


Voi
2 Juni 2025

Mwanangu,

Nimekusoma nikiwa nimekaa chini kwenye marobota, na mteja akaondoka na suruali bila kuaga. Aende nayo. Hapa sote wazima. Jirani wa viatu ameniletea chai siku hizi, nadhani anataka amani.

Nimempigia Reuben. Alipokuwa mahali penye mtandao akanieleza yale ambayo wewe unayaruka ruka kama mtu anayekwepa dimbwi. Amesema mitungi ya maji anawaletea yeye kwa huruma yake, na kuna mama mmoja Mgabra anawapa maziwa ya ngamia. Amesema hujawahi kumwomba akutoe. Kila akikuuliza unamwonyesha mashine. Abby, mashine ni chuma. Haioni kiu.

Kwa nini hupandi hilo lori? Usiniambie vyeti. Nakujua. Unaogopa kurudi hapa nikuone umerudi.

Umenisema kuhusu rangi na umenisema sawa. Nimekosea. Miaka yote nachagua vitu kwa macho ya soko. Sasa nimechagua kwa macho yako. Mkoba ni wa turubai, rangi ya vumbi. Chupa ni ya plastiki nene, nimeishonea koti la blanketi kuukuu. Lichovye kwenye maji ya kuoshea vyombo, uitundike chupa penye upepo, na kunywa utakunywa baridi, madereva wa zamani wa barabara ya Mombasa ndivyo walivyofanya. Filimbi ya refa, kwa sababu koo likikauka sauti haitoki. Kioo kidogo cha kuonyesha jua, Reuben akipita mbali umchome macho. Pakiti za chumvi na sukari, nimechanganya mwenyewe. Na akala, fundi amekata kwa tairi la trekta, hizo hazina gundi ya kuyeyuka. Za Mwelu pia nimetia, na kofia yake. Mwambie ile sweta nilimpa kwa hasara.

Sasa la pili, na usicheke. Nilipanda Wusi kwa baba yako. Alinitazama akasema, "Peris, mtoto ameshikwa na mdomo wako." Nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya kutasa, ya kutema hasira pamoja na maji, niliyaachia bibi zetu. Akasema bibi zetu nao walikuwa watu. Akaniletea pombe ya miwa, nikakataa. Akaniletea maji ya mfereji wa nyumbani, yale baridi ya kuuma meno. Nikasimama uani, nikajaza mdomo, nikatema nje na kuyasema maneno kama yanavyosemwa: kama nina hasira na mtoto wa kaka yangu, inatoka na haya maji, apate njia, apate wepesi. Nimetema yote, mwanangu. Moyo wangu mweupe.

Lakini baba yako anasema mkono mmoja haupigi makofi. Na wewe una hasira na mimi. Ukiishikilia, inakushikilia. Chukua funda moja tu la maji, geukia upande wa nyumbani, uteme, useme yako. Kisha panda lori.

Peris


Kambini
6 Julai 2025

Shangazi,

Asante kwa vitu. Vyote vimefaa. Sisi hatujambo.

Ati niteme maji.

Nimesoma hiyo sehemu nikaiweka barua chini nikatoka kutembea, na hapa mtu hatembei mchana. Unajua maji yetu yalivyo? Asubuhi namimina ya Mwelu na yangu kwenye vikombe viwili na tunatazamana kama watu wa mahakama. Ya kuosha vyombo ni yale yale yaliyochemsha githeri. Tukimaliza, yanalowesha koti la chupa yako. Na mbuzi mgonjwa aliyeachwa na Reuben, tunamwita Kijusi, anapata matone pale kwenye kona. Halafu wewe, unayefungua bomba na kulalamika linatoka povu, unaniambia nijaze mdomo nimwagie mchanga. Maji hapa hayatemwi, Shangazi. Yanamezwa.

Na hasira, ndiyo, ninayo. Uliniombea nishikwe, mbele ya watu, kwa sauti ile yako ya kutangaza bei. Nikashikwa. Sasa unaniombea nifunguliwe na mimi nipige magoti nishukuru? Unasema ninaogopa kurudi unione nimerudi. Umesema kweli na ndiyo maana nimekasirika. Nikishuka stendi ya Voi bila vyeti, bila kazi, na akala za trekta miguuni, hutasema kitu. Utanipa suruali nikunje. Utanyamaza, na huko kunyamaza kwako nitakusikia mpaka nizeeke. Afadhali hii mashine. Yenyewe haijawahi kuniambia "nilikuambia".

Kila siku naamka, najipapasa kama ulivyosema. Maji, kivuli, kisu. Vyote vipo. Halafu natoka na hakuna pa kwenda. Nimevaa kama msafiri, Shangazi, tangu Machi, na sijasafiri hata hatua moja. Nazunguka mashine. Nimeanza kuisalimia.

Mwelu anaumwa. Anatapika tangu juzi, akisimama anaona giza. Lori la Reuben limejaa mbuzi, na mbele ana wazee wawili wanaokwenda hospitali. Ipo nafasi ya mtu mmoja wa kubanana. Nimempandisha yeye. Barua hii iko kwake, atakuletea mkononi akipata nafuu. Mpe uji.

Mimi nitabaki. Usiwe na wasiwasi, vitu vyangu vyote ninavyo. Na usije. Nakujua, utaanza kufunga virago. Goti lako halitafika hata Isiolo.

Abby


Ndani ya lori la Reuben
19 Agosti 2025

Mwanangu Abby,

Nimesalimia watu wote njiani mpaka salamu zimeniisha, kwa hivyo leo naanza na neno lenyewe.

Mwelu alifika kibandani wiki mbili zilizopita. Alikaa hospitali ya Marsabit kwanza, wakamtia maji ya mshipa, wakamwachilia. Nilimpa uji, akanywa, nikaongeza, akanywa. Nikamwambia ile sweta nilimpiga bei kweli. Akacheka. Halafu akafungua begi lake akasema, "Abby alinipa hivi nisife njiani, nirudishe." Akaniwekea mezani chupa yenye koti la blanketi. Akaniwekea kofia yako ya kamba.

Niliitazama ile chupa, Abby. Niliishona kwa mikono yangu. Ikiwa iko kwangu Voi, basi haiko kwako. Na wewe umeniandikia vitu vyako vyote unavyo. Nilikaa chini nikalia mbele ya wateja, wale wale, na jirani wa viatu akaja kunishika bega. Sikujali. Nilikulaani mbele yao, na mimi nimelia mbele yao.

Kibanda nimemwachia huyo jirani wa viatu. Ndiyo, yule yule. Goti nimelifunga kwa bandeji na leso ya pamba juu yake, nalo limefika Isiolo na limepita, kwa hivyo usitabirie viungo vya watu.

Nimepitia Nairobi kwenye ofisi yenu. Mlango una kufuli, na juu ya kufuli kuna karatasi ya mwenye nyumba. Mama anayesuka nywele mlango wa pili anasema hao walihama tangu Aprili, na watu wanaowatafuta humwuliza yeye kila siku. Hakuna anayekuja, mwanangu. Hakuna lori linaloleta vifaa. Umekuwa ukilinda mali ya watu waliokimbia. Vyeti sijavipata. Chuo kitakutolea vingine, tutaomba, tutangoja, tutaomba tena. Abby mwingine mimi sina pa kumwomba.

Kuhusu sahihi yako, nimeongea na chifu wa huko. Ameniambia mashine wataiandikisha mikononi mwake mbele ya polisi, leo hii tukipita kwake na wewe, na kwamba mtu aliyetelekezwa hawezi kuitwa mwizi kwa kwenda nyumbani. Nilimwambia ayaseme tena. Akayasema tena.

Sasa la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kungoja nikuone. Ni la Wusi. Nilikuandikia nimetema yote. Nilikudanganya. Nilipojaza mdomo pale uani, nilikumbuka suruali za wafu wa Ulaya, nikasikia wale wateja wakicheka, na koo likafanya lake. Nilimeza. Siyo yote, kidogo, lakini nilimeza. Kaka aliliona koo langu likicheza. Alisema "ahaa". Tangu siku hiyo kila nikiinua glasi nakumbuka kile kidogo. Sijui kama ndicho kilichokushika, mchungaji angesema sivyo. Mimi najua tu kwamba kilikuwa changu na nilikirudisha ndani.

Kwa hivyo nilirudi Wusi kabla ya safari. Nimechukua maji ya mfereji ule ule, nikayatia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, nikakishona ndani ya blauzi. Si ndiyo sheria yangu, kinachookoa kikae mwilini? Reuben ameyatamani tangu jana, nimemnyima. Amenionyesha mbele huko, juu ya mchanga, kitu kinachometameta. Anasema ndicho kile kioo. Basi bado una kioo, na bado una nguvu ya kukishika. Mungu asifiwe.

Anayekukabidhi barua hii ni mimi. Umeniona nimeshuka na bandeji, na sijakukumbatia, na mashavu yamefura. Sijapigwa na jua, na sijanuna. Maji ya kwenu yako mdomoni mwangu, ndiyo maana siongei, na wewe unajua kunyamaza kwangu ni kazi kubwa kiasi gani. Maneno yake ni haya: nilikasirika kwa sababu uliondoka, si kwa sababu ulikosea. Hasira ile inatoka sasa, na hakuna itakayobaki. Nitazame koo uhakikishe.

Kama yako bado ipo, na una haki nayo, nyuma ya lori kuna mitungi. Nimeileta mingi makusudi. Ipo ya kunywa na ipo ya kutema. Kunywa kwanza ushibe, kisha jaza mdomo uje usimame hapa kando yangu, tutazame upande wa nyumbani. Kofia yako iko kiti cha mbele, na chupa. Kibanda siyo lazima. Ukitaka kwenda kwingine kesho kutwa, nitakuchagulia mkoba na nitakuja stendi.

Ila fanya haraka mwanangu, yanapata joto.

Shangazi yako,
Peris